Kikopo Nilichokiosha

Himeji, tarehe 19 Oktoba

Kwako dada yangu Masue,

Salamu kwanza, mengine baadaye, ndivyo mama alivyotulea. Hujambo huko Akita? Goti linakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui uko wapi. Nasikia kwenu baridi imeshaanza. Nakuomba usiwashe jiko la mafuta halafu ukasinzia mbele yake, maana kila nikilifikiria hilo usingizi unaniruka. Na vidonge vya presha unywe baada ya kula, si kabla. Najua utasema, "Hatsue naye, kwa wasiwasi!" Sema tu, lakini unywe. Matufaha yamefika, mawili tu ndiyo yalichubuka, hayo nimeyala mwenyewe.

Ningekupigia simu, ila tangu sikio lako la kushoto lizibe tunabaki kupigiana kelele mpaka jirani anaitikia ukutani, na haya ya leo sitaki jirani ayasikie.

Chinami mimba yake imeingia mwezi wa saba na daktari amemwambia alale tu, asiinue hata birika. Basi analala huko Kobe, na mimi huku najilaza na roho juu. Katikati ya hayo baba mkwe wake akafunga safari kutoka Uholanzi. Wewe hujawahi kumwona. Anaitwa Mzee Harmen, ana miaka sabini na mbili, mrefu kiasi kwamba kila mlango wa nyumba yangu umemgonga paji la uso. Alikuja kuzunguka miji yetu kwa treni, na ile tiketi wanayopewa wageni ya kupanda hii na kushuka ile kwa wiki mbili. Jelle, mwanawe, yuko kazini. Chinami yuko kitandani. Nani aende naye? Chinami akaniambia, mama, treni unazijua kuliko sisi wote.

Kuzijua nazijua, lakini zikiwa tupu. Miaka ishirini na nane nimesafisha mabehewa. Nchi hii nimeijua kwa yale watu waliyoyaacha chini ya viti. Kukaa kama abiria, nitazame dirishani mtu mwingine akisafisha, ni mara za kuhesabu.

Nilitaka kukataa. Ndipo Chinami akashusha sauti. Akasema Jelle ameitiwa kazi kwao Uholanzi, na tangu mama yake afariki mwezi wa pili, baba yake anaishi peke yake na paka. Huenda mtoto akishazaliwa wakahama wote. Mwenye neno la mwisho ni mzee. Akiona huku kuna watu wa kumtazama mwanawe, atamwachia abaki. Akiona hakuna, basi. "Mama, nakuomba kitu kimoja tu," akasema, "huo uso wako usiukunje."

Dada, unaujua uso wangu. Lakini ni mjukuu wa kwanza, na kwa umri wa Chinami labda ndiye wa mwisho. Nimwone kwenye simu tu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari? Nikasema nitavumilia hata nikilishwa vumbi.

Haya, nikavumilia. Siku ya kwanza tu, kwenye treni ya kwenda Kanazawa, mzee akatoa leso ya kitambaa, ya rangi ya buluu, akapenga kamasi. Hakupenga kwa siri, alipenga kama meli inayoingia bandarini. Behewa zima likageuka. Halafu akaifungua ile leso, akatazama alichokipata, akaridhika, akaikunja mara nne na kuirudisha mfukoni. Mfukoni, dada! Kamasi anatembea nayo, kama mtu aliyeweka akiba. Kwa mkono uleule akakata kipande cha jibini na kunipa. Nilikitia mdomoni nikakishikilia shavuni mpaka handaki la kwanza, nikakitema kwa siri.

Kisha akavua viatu na kuipandisha miguu kwenye kiti cha mbele. Soksi zake zilinuka kama maharage yetu yaliyochacha, yale ninayokula kila asubuhi, ila maharage angalau yana mchuzi wa soya. Mama mmoja aliyekaa na binti yake ng'ambo ya njia alisema kwa sauti ya kutosha, "Tazama, mwanangu, ndiyo maana nakuambia oga." Nikainama kumwomba radhi kana kwamba miguu ile nimeizaa mimi.

Kuzungumza tulizungumza kwa simu yake. Anaikoholea Kiholanzi, na ndani yake kuna msichana anatoa Kijapani kisafi kama cha muuza duka la vipodozi, bila kucheka wala kukasirika. Kupitia msichana huyo mzee aliniambia kwamba ninavyovuta tambi mdomoni inamkumbusha sinki linapozibuka. Nikajibu asante. Ningesema nini?

Kule Matsumoto tulilala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja, Bi Kinuyo, mwenye bafu la maji ya moto yaleyale ya kuoga wageni wote kwa zamu. Nilimweleza mzee mara tatu kwamba mtu hujisugua nje kwanza, akawa msafi kabisa, ndipo aingie majini. Aliitikia kwa kichwa. Akaingia na sabuni. Alipotoka, maji yalikuwa na povu kama bia, na nywele zinaelea. Bi Kinuyo ilibidi ayamwage yote, wageni sita wakisubiri na taulo mabegani. Akaniambia kwa upole wenye sindano ndani, "Pole mama, mume wako ametoka mbali." Mume! Na palepale mzee akapita mbele yetu kwenye mikeka ya chumba cha kulia amevaa zile ndala za chooni ambazo hazitoki chooni. Mguu mmoja umeandikwa CHOO, na mwingine umeandikwa CHOO.

Nilikuwa nalala na kichefuchefu, naamka nacho. Nilimpigia Chinami nikamwambia mzee ni mtu mzuri sana.

Lakini lililonichoma kuliko yote ni kikopo. Mzee anavuta sigara za kujisokotea, na tumbaku anaiweka kwenye kikopo bapa cha bati. Alikuwa na kingine kama hicho, cha zamani zaidi, kimepauka, nacho kilikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Humo mlikuwa na majivu. Unajua hata marehemu mume wangu Tadayuki alitembea na kikopo chake cha majivu ya sigara, kama wavutaji wote wenye adabu, akakimwaga nyumbani. Huyu hakumwaga nyumbani. Kila mji tuliofika alikuwa anasogea pembeni, anakifungua, anachota kwa vidole, anayamwaga kwenye maua ya stesheni. Maua ya watu! Kule Kanazawa msafishaji mmoja, mwanamke wa rika langu, alikuwa anatutazama ameshika fagio. Nilijiona mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Nikakimbilia pale, nikainama, nikayazoa majivu kwa karatasi laini, pamoja na udongo wake, nikayafunga kwenye mfuko na kuyatia kwenye mkoba, kama tunavyofanya na takataka zote za safarini. Tulipopita nyumbani Himeji kubadilisha nguo, ilikuwa siku ya kukusanywa takataka za kuchomwa. Nikautoa mfuko ule pamoja na maganda.

Siku iliyofuata tulishuka Okayama kubadilisha treni. Mzee akaenda chooni, akaniachia koti. Nilikaa nalo mapajani, linanuka moshi, na kile kikopo kinanigusa mbavuni. Nikasema hapana, leo hii stesheni haitachafuliwa nami nipo. Nikaingia choo cha wanawake, nikakifungua. Yalikuwa majivu ya kijivu, makavu, yenye chembechembe kama mchanga, yamejaa nusu. Nikayamwaga kwenye sinki nikafungulia maji. Nikakisugua kikopo kwa sabuni ndani na nje, kwenye kona nikatumia ukucha, nikakikausha kwa taulo langu la mkono mpaka kikang'aa kama kipya. Nakuambia ukweli, dada, nilifurahi. Nilijisikia kama nimemnawisha mtoto. Nikakirudisha mfukoni.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa.

Tulikuwa tumeshapita Hakata, tunakwenda Nagasaki. Mvua inanyesha dirishani. Mzee akatoa picha ya mwanamke mnene kidogo mwenye miwani, amesimama mbele ya treni akicheka. Akaikoholea simu kwa muda mrefu. Msichana akasema: huyu ni mke wangu Geeske. Alipenda treni tangu utotoni. Kwenye mlango wa friji alibandika orodha ya miji mitano ya Japani tuliyopanga kuja pamoja nikistaafu. Nilistaafu, yeye akaugua. Basi nimemleta. Kila mji wa orodha yake namwacha kidogo. Halafu mzee akajipigapiga kifuani, pale penye mfuko wa ndani, msichana akamalizia: "Yumo humu."

Dada, wewe na mimi tulimwokota mama pamoja alipokwisha kuchomwa. Unakumbuka mifupa yake ilivyokuwa myeupe, wewe na vijiti vyako mimi na vyangu, tunashika mfupa mmoja wawili, kuanzia miguuni hadi kichwani ili asikae kichwa chini ndani ya chungu. Mtu wetu akichomwa anabaki mifupa, unamwona kwamba ni mtu. Ningejuaje kwamba kwao wanamsaga mtu mpaka awe unga? Nani angeniambia unga ule ni mke wa mtu?

Yule mama wa watu mimi nimemchoma mara ya pili pamoja na maganda. Na mabaki yake nimeyamwaga chooni, Okayama, kwa sabuni.

Kinyaa chote nilichokuwa namwonea mzee kilinigeukia. Nilitazama ukucha wangu wa kidole cha shahada nikaona una kijivu kwa ndani. Nikakaa juu ya mkono ule mpaka Nagasaki.

Ungenishauri niseme palepale. Sikusema. Niliona uso wa Chinami, nikamwona mtoto anafungiwa kwenye blanketi la ndege. Asubuhi mapema, kabla mzee hajaamka, nilikichomoa kikopo kwenye koti lake lililotundikwa barazani kwa wenyeji wetu, nikaenda hekalu la jirani. Pale mbele kuna chetezo kikubwa ambacho watu wanachomekea ubani. Nikachota majivu kwa kijiko cha chai nilichokiiba jikoni, nikajaza nusu. Majivu ya ubani wa watu nisiowajua. Nikarudi, nikakirudisha, nikanawa mikono mpaka ngozi ikauma.

Siku hiyo akamwaga pale stesheni ya Nagasaki, mahali reli inapoishia. Akanipa na mimi nichote. Nikachota. Nikaunganisha viganja nikaombea ubani. Mzee alikigeuza kikopo kwenye mwanga, akaniuliza kwa msichana wake kama ni mimi niliyekisugua. Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa, vile vibaya wanavyoinama wao, kama anatafuta kitu chini. Msichana akasema: nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu hata kukigusa. Wewe umemsafishia nyumba yake.

Tuliporudi Himeji aliomba kilichobaki kikae kwangu, kwenye kabati la kuwaombea marehemu, kando ya picha ya Tadayuki, ili Geeske asiwe peke yake. Halafu akaenda Kobe. Jioni ileile Chinami akanipigia analia kwa furaha. Mzee amemwambia Jelle akatae ile kazi, abaki. "Amesema hajaona watu wanaowaheshimu wafu kama wewe, mama! Umemfanya nini?" Nikamwambia ale mboga za majani.

Siku tatu niliweka wali na chai mbele ya kikopo kile. Kila nikipiga kile kikengele cha kuwaita wafu niliona Tadayuki ananitazama kwenye picha kama anayesema, Hatsue, unamlisha nani?  Siku ya nne nikapanda treni kwenda Okayama.

Kazi imenifundisha jambo moja: sinki halimezi kila kitu kwa mara moja. Chini yake bomba lina kiwiko, na kwenye kiwiko vitu vizito hukaa. Nikamkuta msafishaji wa zamu, mwanamke mcheshi anaitwa Tokie, nikamwambia nimeangushia pete. "Pete gani hiyo ya kuifuata baada ya wiki, bibi, ya mfalme?" Nikasema ya ndoa. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi hata mume mwenyewe nisingemtafuta humo!" Lakini alileta spana na ndoo, kwa kuwa nilimwambia na mimi nimefanya kazi hii.

Kiwiko kikafunguka na harufu ikatupiga wote wawili usoni. Ilikuwa nywele za wanawake wa mkoa mzima, zimesokotana kama panya aliyekufa, na ute mweusi, na kipande cha plasta ya kidonda. Sikuvaa glavu. Nilipeleka mikono mitupu. Nilizitenga nywele uzi kwa uzi, nikitaka kutapika na nikijiambia, tapika baadaye, na chini kabisa nikakuta tope la kijivu lenye chembechembe kama mchanga. Labda vijiko viwili. Nikalitia kwenye chupa ya jamu. Tokie alikuwa ameacha kucheka. Akaniambia, "Mama, hiyo si pete." Nikasema si pete. Akanifungulia maji ya moto ninawe.

Juzi Jumapili mzee alikuja kuniaga, yeye peke yake. Niliiweka chupa mezani kati yetu, nikaiomba simu, nikamweleza msichana yote tangu Kanazawa: takataka za kuchomwa, sabuni, hekalu, kijiko cha kuiba. Nikasema, hiki hapa ndicho nilichookoa, sijui ni kiasi gani chake na kiasi gani cha wengine. Nikasema mtoto wako mchukue ukitaka, ila usiondoke ukidhani mimi ni mtu wa heshima, maana nilikiosha kikopo kile kwa sababu ulinitia kinyaa. Msichana aliyatamka yote hayo kwa sauti ya kuuza poda.

 Mzee aliishika chupa, akaiinua dirishani, akaitikisa kidogo. Mimi nilishaanza kulia, kile kilio kibaya cha makamasi, na karatasi laini zilikuwa chumba cha pili. Akatoa ile leso yake ya buluu. Alipenga kwanza yeye. Kisha akanipa.

Niliipokea, dada. Ilikuwa mbichi, ina joto la mfukoni. Nikafutia macho, nikapenga na mimi, nikaikunja mara nne nikamrudishia.

Akaifungia chupa ndani ya leso ile, akaitia mfuko wa koti. Mwisho akaikoholea simu. Akasema kwanza kwamba Geeske kila Jumamosi alisugua kizingiti cha mlango wao kwa brashi, na kama angekuta kikopo kichafu vile angekiosha yeye. Halafu akasema kwamba kama mkewe anakaa kwenye mabomba ya Okayama, basi familia yao imeshahamia huku, na Jelle hana sababu ya kuondoka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania au analia, kwa kuwa uso aliugeuzia dirishani, na yule msichana huwa hacheki.

Tumekubaliana Chinami asiambiwe mpaka ajifungue, kwa sababu mjamzito hapelekewi habari za mabomba. Majivu ya ubani nimeyapeleka kwa mkono wangu kwenye hekalu la hapa kwetu, na kijiko nimekituma Nagasaki kwa posta bila jina. Mzee ameruka jana. Amesema atarudi mtoto akizaliwa. Nimemnunulia ndala za chooni za saizi yake, nyekundu, ili hata yeye azione.

Basi nisikuchoshe. Wasalimie watoto wa mwanao Kiyoto na mkewe, na Kiyoto mwambie apunguze chumvi. Vaa soksi mbili. Usipande kwenye paa kuondoa theluji, uite vijana wa mtaa, umri wako si wa kupanda. Na barua hii, tafadhali, ukishaisoma usiichome. Iweke tu kwenye droo. Nimechoka na majivu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hatsue